Bakuli la Wali wa Kijapani: Tuulize Kwanza, Ndipo Tule

Mkazi wa Sokon I hahitaji kufundishwa thamani ya sahani moja inayoshibisha kwa fedha kidogo. Mama lishe wa Arusha wamekwishaifundisha. Wajapani nao wana chakula cha namna hiyo, kiitwacho donburi: bakuli la wali lililowekewa kitoweo juu yake. Mkahawa wa Yoshinoya, ulioanzishwa mwaka 1899 katika soko la samaki la Nihonbashi mjini Tokyo, ulijipatia sifa kwa bakuli la wali na nyama ya ng'ombe, lililowafaa wachuuzi wasio na muda wa kupoteza.

Wajapani si wageni kwa mchele wetu. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, katika mkoa jirani wa Kilimanjaro, ilijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, na wakulima wa mpunga wamepata mafunzo huko Chekereni.

Hata hivyo, familia ya Kiislamu inayotaka kuonja bakuli hilo mkahawani haina budi kuuliza. Katsudon kwa kawaida hupikwa kwa nyama ya nguruwe, na kuiepuka ni rahisi. Ugumu umo katika kisichoonekana. Mchuzi wa donburi hutiwa mirin, kiungo kitamu cha mchele chenye kilevi cha takriban asilimia 14, au sake, ambayo ni pombe kamili. Wapo wasemao kwamba moto huimaliza. Lakini vipimo vya upishi vimeonyesha kuwa sehemu yake hubaki. Basi muulizeni mpishi mambo mawili: nyama imechinjwa na nani, na mchuzi umetiwa nini? Kuuliza kwa adabu si kumtuhumu mtu.

Anayetaka utulivu wa moyo na apike nyumbani oyakodon, jina lenye maana ya "mzazi na mtoto", kwa kuwa lina kuku na yai. Chemsha vitunguu na vipande vya kuku wa halali katika supu kidogo, mchuzi wa soya usiotiwa pombe na sukari badala ya mirin. Kuku akiiva, mimina mayai yaliyopigwa, funika kidogo, kisha pakua juu ya wali mweupe usio na mafuta.

Watoto waketi pamoja, waseme Bismillahi, na wale kwa mkono wa kulia. Wakishajua sababu ya kuuliza, watauliza wenyewe hata siku wazazi wasipokuwapo.