"Kijana ana kazi?" Swali lililonitoa jasho Tabora

Msomaji wangu, we acha tu! Majuzi nilitumwa ushenga Tabora, kule Isevya. Dogo, mtoto wa baba yangu mdogo, kapenda. Shikamoo zikapita, matobolwa na chai vikaja. Ghafla baba wa binti akaniuliza: "Haya baba, huyo kijana ana kazi?"

Nikameza mate. Dogo anabeba mizigo sokoni siku mbili tatu kwa wiki, nyingine anashinda kijiweni. Hiyo ni kazi?

Kwa wataalamu mbona rahisi! Shirika la Kazi Duniani (ILO) linasema ukifanya kazi ya malipo japo saa 1 kwa wiki, una ajira. Asiye na ajira ni yule asiye na kazi kabisa, yuko tayari kuifanya, na anaitafuta. Aliyekata tamaa akaacha kutafuta, huyo hahesabiwi! Tanzania ina tafsiri yake pana zaidi, inayomhesabu hata huyo, alimradi yuko tayari kufanya kazi. Lakini dogo wangu, kote kote, "ameajiriwa". Mfukoni je?

Nikajikaza: "Mzee, kazi anayo, ila haimtoshi. Anabeba mizigo."

Mzee akacheka. "Mizigo ndiyo iliyotupa jina sisi Wanyamwezi!"

Hakukosea. Karne ya 19 wapagazi walitembea kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, kila mtu na kama kilo 30 begani. Wengi waliondoka baada ya mavuno, wakarudi kuwahi mvua za kulimia. Kijana asiyeiona pwani alihesabiwa bado mtoto. Mke angempata wapi?

Halafu reli ikafika: Tabora mwaka 1912, Kigoma 1914. Piga hesabu mwenyewe: behewa la tani 15 ni mizigo ya wapagazi 500! Watu wale hawakuwa wavivu, nguvu walikuwa nazo. Kazi yenyewe ndiyo iliyowakimbia. Wengi wakaishia kwenye mashamba ya mkonge.

"Sasa mwambie kijana," mzee akasema, "mgongo sio ujuzi. Siku likija toroli la injini pale sokoni, atamlisha nini mwanangu?"

Posa ikapokelewa, kwa sharti moja: dogo ajifunze ufundi kabla ya ndoa. Sasa jioni anajifunza kuchomelea mageti kwa fundi mmoja, vidole vimejaa malengelenge.

Na wewe uliyepo kijiweni, ukiulizwa swali lile, utajibuje?