Sasa, Zamani na Mtondogoo: Ubongo Unavyouona Muda (Sehemu ya Pili)

Jumatatu iliyopita nilipanda teksi katika Old Taxi Park, hapa Kampala. Gari la abiria 14, na ndani tulikuwa tisa. Konda alisimama mlangoni akipigapiga bati kwa kiganja na kuita “Omu! Omu!”, kwamba amebaki mmoja tu. Muuza maji alipita dirishani mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama aliyekaa ubavuni kwangu, kikapu cha matooke mapajani, akamgeukia konda: “Ssebo, saa nzima tumekaa hapa!” Mimi na yeye tuliingia pamoja, nami nilikuwa nimetazama saa. Zilikuwa zimepita dakika 23.

Mama yule hakusema uongo. Alisoma saa nyingine, iliyo kichwani mwake, na saa hiyo ina kanuni zake.

Wiki iliyopita tuliona jinsi mwanga unavyopokewa na jicho na sauti inavyopokewa na sikio. Muda hauna kiungo cha kuupokea. Hakuna mahali mwilini panapoguswa na dakika. Ubongo huutengeneza wenyewe kwa njia kadhaa zinazofanya kazi pamoja. Ubongo wa nyuma, ulioko kisogoni, hushughulikia vipande vidogo vya sekunde, vile vinavyomwezesha mpiga ngoma kushusha fimbo wakati hasa unaotakiwa. Sehemu za ndani zaidi, zinazotegemea kemikali iitwayo dopamini, hupima sekunde na dakika. Ndiyo maana wagonjwa wa Parkinson, ambao dopamini yao imepungua, mara nyingi hukosea wakitakiwa kukadiria muda mfupi. Tena kuna kifundo cha seli kama 20,000, juu kidogo ya mahali neva za macho zinapokutana, kinachoongoza mwili kati ya usiku na mchana. Hicho nakiachia makala ya wiki ijayo.

Turudi kwenye teksi. Anayengoja hana kazi nyingine ila kuutazama muda wenyewe, na muda ukitazamwa hurefuka. Watafiti wengi huueleza hivi: ni kama kichwani kuna kitu kinachopiga mapigo, na akili huyahesabu kadiri inavyoyasikiliza. Akili ikishikwa na jambo, labda umbea mtamu saluni au dakika za mwisho za mechi ya Cranes, mapigo mengi hupita bila kuhesabiwa, na mtu hushtuka jua limeshazama. Akili ikikosa la kufanya, halipotei hata pigo moja.

Mapigo yenyewe nayo huweza kuharakishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mwanasayansi wa Marekani, Hudson Hoagland, alikuwa akimuuguza mkewe aliyeshikwa na homa kali ya mafua. Alitoka kwenda dukani, akarudi baada ya dakika kama 20, mkewe akamlaumu kwamba ametokomea masaa. Mwingine angeomba radhi yakaisha. Hoagland alichukua saa na kipimajoto, akamwomba mkewe ahesabu sekunde 60 kwa kukisia, na akarudia zoezi hilo joto lilivyokuwa likipanda na kushuka. Kadiri homa ilivyopanda ndivyo mama yule alivyohesabu upesi zaidi, akamaliza “dakika” yake kabla dakika ya saa haijafika. Sidhani msomaji wa Uganda anahitaji kushawishiwa juu ya hili. Aliyewahi kulazwa na malaria anaujua usiku wa homa: unasinzia, unaota ndoto ndefu kama safari ya Gulu, unafumbua macho ukidhani kumekucha, kumbe hata nusu saa haijapita.

Mpaka hapa nimezungumzia muda unapopita. Muda uliokwisha kupita hupimwa kwa kipimo kingine kabisa, nacho ni kumbukumbu.

Mwaka 1962 Mfaransa Michel Siffre alishuka katika pango lenye barafu, Scarasson, kwenye milima ya Alps, akakaa humo peke yake kama miezi miwili bila saa wala mwanga wa jua. Tarehe 14 Septemba wenzake walipomwambia muda umekwisha, yeye kwa hesabu yake ilikuwa bado tarehe 20 Agosti. Siku 25 zilikuwa zimemponyoka. Pangoni kila siku ilifanana na mwenzake, na siku zinazofanana hazina pa kushikika. Zikirundikwa katika kumbukumbu hulala moja juu ya nyingine kama karatasi tupu.

Sisi tuliishi katika pango la namna hiyo. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2022, kufungwa kulikotajwa kuwa kurefu kuliko kote duniani. Waulize vijana wa wakati ule. Watakwambia siku zilikuwa hazisogei, na papo hapo watakwambia ile miaka miwili wanaikumbuka kama muhula mmoja. Kauli hizo mbili hazipingani. Ya kwanza ni ya kungoja, ya pili ni ya kukumbuka.

Hapa ndipo ninapomkumbuka mwalimu aliyeupa mjadala huu maneno yetu wenyewe. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, Kenya, alifundisha Chuo Kikuu cha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974, na mwaka 1969 akatoa kitabu chake maarufu juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Alieleza kwamba kwa Mwafrika wa jadi muda ni mfululizo wa matukio. Pasipo tukio, muda haujazaliwa. Alitoa mfano wa hapa hapa, Ankole, ambako siku ilitajwa kwa ng'ombe: wakati wa kukamua, wakati wa kupumzika mifugo, wakati wa kuteka maji, wakati wa ng'ombe kurudi zizini. Kisha akachukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Sasa ni lililopo, lililotoka kutokea na linalokaribia kutokea. Zamani ni bahari ambamo kila tukio huzama. Muda ujao ulio mbali, alisema, karibu haupo.

Kwa hili la mwisho wasomi wengi wa Kiafrika walimpinga, nami niko upande wao. Lugha aliyoiazima inahesabu mbele kwa majina: kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Na mzee wa Busoga anayepanda mvule anajua kabisa mbao zake zitapasuliwa na wajukuu. Lakini kuhusu matukio Mbiti aliona jambo ambalo Siffre alilithibitisha gizani bila kujua. Hata kuhusu ujao kuna punje ya ukweli, nayo ilionekana mbali na Makerere.

Mwaka 1981, nchini Kanada, kijana mmoja alipata ajali ya pikipiki akaumia vibaya kichwani. Katika maandishi ya kitabibu alijulikana kwa herufi tu, K.C. Endel Tulving, mtaalamu wa kumbukumbu wa Toronto, alimchunguza kwa miaka mingi. K.C. alizungumza vizuri, alicheza chesi, alijua saa ni nini na kalenda inasomwaje. Ila hakuweza kukumbuka hata tukio moja la maisha yake kama mtu aliyekuwapo. Alijua kwamba ndugu yake amefariki. Siku alipopewa habari hiyo haikuwamo kichwani mwake.

Tulving akamuuliza atafanya nini kesho. K.C. alinyamaza kitambo, akatabasamu kidogo, akajibu kwamba hajui. Alipotakiwa aeleze kukoje akilini anapojaribu kuiwazia hiyo kesho, alisema ni kutupu. Na alipoulizwa kuhusu jana, ulikuwa utupu ule ule.

(Itaendelea wiki ijayo: saa ya usiku na mchana, na maisha kwenye mstari wa Ikweta.)