Mionzi na Urithi: Kinachofika kwa Watoto na Kinachoishia Njiani

Kati ya mwaka 1994 na 1997, ndege ndogo ziliruka mara kwa mara juu ya kisiwa cha Unguja zikidondosha mbung'o walio hai. Mbung'o hao, madume zaidi ya milioni 8, walikuwa wamefugwa Tanga na kutiwa mionzi kabla ya kuachiwa. Waliruka, walifyonza damu na kupandana na majike wa porini kama kawaida, lakini hawakupata watoto. Vinasaba vilivyomo katika mbegu zao vilikuwa vimekatika-katika, na kiinitete kilichotungwa kilikufa mapema. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na ugonjwa wa nagana uliokuwa ukiwadhoofisha ng'ombe wa kisiwa hicho ukakoma.

Kisa hicho ni habari njema kwa wafugaji. Kwa mgonjwa anayesubiri tiba ya mionzi, hata hivyo, kinaweza kuamsha hofu. Ikiwa mionzi yaweza kukifuta kizazi kizima cha wadudu, watoto atakaowazaa baada ya matibabu watakuwaje? Swali hilo ni la haki, nalo lina majibu yaliyokusanywa kwa takriban miaka 100.

Mwaka 1927, mwanasayansi Hermann Muller wa Marekani alionesha kwamba eksirei huongeza mabadiliko ya vinasaba katika nzi wa matunda zaidi ya mara 100, na kwamba mabadiliko hayo hurithiwa. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1946. Muda mfupi baada yake, Lewis Stadler alipata matokeo kama hayo katika shayiri na mahindi.

Jambo la msingi ni kwamba si kila seli iliyopigwa na mionzi inaweza kurithisha madhara. Kinasaba kikiharibika katika ngozi, pafu au mfupa, athari yake, hata ikiwa saratani, huishia kwa mwili huohuo. Kinachoweza kufika kwa mtoto ni mabadiliko yaliyo ndani ya mayai au mbegu za kiume pekee. Hata huko, seli hujirekebisha, na zile zilizoharibika sana hufa kabla ya kutungisha mimba, au mimba huharibika mapema mno.

Mimea hutoa mfano ulio wazi. Ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ilipotokea tarehe 26 Aprili 1986, msitu wa misonobari uliokuwa karibu, wenye ukubwa wa hekta 400 hivi, ulikauka na kugeuka rangi ya kutu. Tangu hapo umeitwa Msitu Mwekundu. Miti ya jamii nyingine mahali hapohapo ilistahimili zaidi. Misonobari iliyoota baadaye ilionekana ikiwa na matawi yaliyopinda na vilele visivyonyooka. Hata hivyo, miti hiyo inaishi katika udongo ambao bado una mionzi, hivyo si rahisi kutenga kilichorithiwa na kile ambacho kila mti unakipokea upya. Tahadhari hiyo inawahusu pia mbayuwayu wa Chernobyl wenye mabaka meupe, ambao wanasayansi wangali wanabishana juu yao.

Mabadiliko hayohayo yana upande wa manufaa. Nchini Kenya, mbegu za ngano zilitiwa mionzi, vizazi vyake vikachujwa msimu baada ya msimu, na mwaka 2001 ikatolewa aina ya Njoro-BW1 inayostahimili ukame. Mkulima hupanda tu ile mimea michache iliyobadilika kwa faida, iliyodhoofika huachwa.

Kwa panya, William Russell na wenzake wa Oak Ridge, Marekani, walithibitisha kwamba mionzi mikali huongeza mabadiliko ya kurithiwa kwa wanyama wanyonyeshao pia. Mwaka 1958 walionesha jambo jingine lenye uzito hospitalini: kiwango kilekile kikitolewa polepole huleta mabadiliko machache kuliko kikitolewa kwa mkupuo, kwa kuwa seli hupata nafasi ya kujirekebisha.

Na binadamu? Baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki ya Agosti 1945, watoto wapatao 77,000 waliozaliwa katika miji hiyo kati ya mwaka 1948 na 1954 walichunguzwa. Wale ambao wazazi wao walipigwa na mionzi hawakuonesha ongezeko lililothibitika la ulemavu wa kuzaliwa wala la vifo. Mwaka 2021 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vyote vya watoto 130 waliozaliwa na wazazi waliokumbwa na mionzi ya Chernobyl. Mabadiliko mapya hayakuwa mengi kuliko ya watoto wengine. Hii haina maana kwamba binadamu ana kinga ya pekee. Maana yake ni kwamba, kwa viwango ambavyo watu walivipata wakaishi na kuzaa, athari ya kurithiwa ni ndogo kiasi cha kutoonekana.

Hapa pana mambo mawili ambayo yasichanganywe. Kijusi kilichopigwa na mionzi tumboni hakikurithi madhara; kimeumizwa chenyewe. Huko Japani, waliokuwa tumboni kati ya wiki ya 8 na ya 15 wakapata kiwango kikubwa walizaliwa wengine wakiwa na vichwa vidogo na udumavu wa akili. Ndiyo sababu mwanamke huulizwa kuhusu ujauzito kabla ya kipimo. Lakini eksirei ya kifua hukifikishia kijusi chini ya miligrei 0.01, ilhali miongozo ya kimataifa inasema kiwango kilicho chini ya miligrei 100 si sababu ya kutoa mimba.

Kutolijua hilo kumegharimu uhai. Baada ya ajali ya Chernobyl, nchini Ugiriki, mbali sana na kinu hicho, inakadiriwa kuwa mimba 2,500 zilizokuwa zikitarajiwa zilitolewa kwa hofu, ingawa kiwango cha mionzi kilichofika huko kilikuwa kidogo. Huko Japani nako, walionusurika mabomu na watoto wao walikataliwa uchumba kwa miaka mingi.

Kwa mhudumu wa afya, wajibu ni kuuliza, kupima na kueleza. Mgonjwa ambaye mionzi itafika kwenye korodani au ovari aelezwe kabla ya matibabu kwamba uwezo wa kuzaa waweza kupungua au kukoma, na pale huduma ipatapo ashauriwe kuhifadhi mbegu au mayai. Baada ya tiba asubiri muda atakaopangiwa kabla ya kutafuta mtoto. Kwa mwanamke aliyetibiwa kwa iodini yenye mionzi, ni kati ya miezi 6 na 12. Aliyepimwa bila kujua kuwa ni mjamzito asikimbilie uamuzi wowote kabla kiwango hakijakokotolewa.

Kwa mgonjwa, jibu ni hili: watoto wa watu waliopona saratani kwa tiba ya mionzi wamefuatiliwa katika nchi kadhaa, na hawakuonekana kuzaliwa na kasoro nyingi kuliko watoto wengine. Mbung'o wa Unguja walitiwa mionzi kwa kusudi la kuwafanya wasizae. Mgonjwa hupewa mionzi ili apone, huku viungo vyake vya uzazi vikikingwa kila inapowezekana.