Michezo ya vita vya Napoleon (4): Farasi naye huchoka

Jumatano ya Aprili 24, 2024, wakazi wa London waliona farasi wa kikosi cha walinzi wa Mfalme wakikimbia ovyo katikati ya jiji. Walikuwa kwenye mazoezi ya asubuhi. Kifusi kikaporomoka kwa kishindo penye ujenzi katika mtaa wa Belgravia, wakashtuka, wakawabwaga wapandaji wao na kutimka. Mmoja, mweupe, alionekana kifua na miguu vimelowa damu, akipishana na magari kwa kilomita kadhaa mpaka alipokamatwa upande wa mashariki wa jiji. Watu waliumia, na farasi wawili wakafanyiwa upasuaji.

Magazeti mengi yaliliandika tukio hilo kama kioja. Kwa anayecheza vita vya Napoleon mezani lina uzito zaidi. Hao ni farasi waliofunzwa kuvumilia bendi, mizinga ya saluti na umati wa watu, na bado kishindo kimoja kiliwatoa akilini. Kikosi chao kimetokana na regimenti zilizopigana Waterloo Juni 18, 1815, na huko ndiko tunakokwenda leo.

Katika sehemu tatu zilizopita tulishughulika na askari wa miguu: safu, mraba, na jinsi dadu inavyoamua kama kikosi kitasimama au kitakimbia. Sitayarudia hayo. Leo ni zamu ya wapanda farasi, ambao wachezaji wapya huwalalamikia kuliko askari wengine wote. Lawama zao nazijua. Mtu hununua vijisanamu vya wapanda farasi kwa bei mbaya, hukesha akivipaka rangi, kila kifungo na kila mshipi, kisha katika zamu ya pili huvisukuma mbele vyote kwa pamoja. Vinavunja kikosi kimoja cha adui. Dadu inavilazimisha viendelee kufukuza. Vinafukuza karibu na ukingo wa meza, na kufikia zamu ya nne vimekwisha. Mchezaji anainuka akiilaumu dadu.

Dadu haina kosa. Yaliyompata yeye ndiyo yaliyompata Lord Uxbridge, amiri wa wapanda farasi wa Wellington, jemadari wa Waingereza na washirika wao, na nitayaeleza kwa kirefu kwa sababu sijui tukio jingine linalofundisha mengi kama hilo.

Ilikuwa alasiri huko Waterloo. Jeshi la miguu la Jenerali d'Erlon lilikuwa limevuka bonde na kupanda mwinuko ambako Waingereza na washirika wao walijipanga. Safu za Wafaransa zilikuwa nene na zimebanana, na zilipofika juu zilianza kujikunjua ili zifyatue risasi vizuri. Wakati huohuo Uxbridge akaachilia brigedi mbili za farasi wazito, jumla yao zaidi ya 2,000. Upande mmoja walikuwa walinzi wa Mfalme, upande wa pili brigedi ya Jenerali Ponsonby yenye Waingereza, Waskoti na Waairishi. Wafaransa hawakuwa na nafasi ya kuunda mraba wa kuzuia farasi. Walivunjika, wakatekwa zaidi ya 2,000, na nembo mbili za tai walizozipenda kuliko bendera zikaporwa. Tai mmoja alichukuliwa na Sajini Charles Ewart wa regimenti ya Scots Greys, na mpaka leo yuko katika ngome ya Edinburgh.

Kama vita vingeishia hapo, kila mchezaji angekuwa na haki ya kusukuma farasi wake wote kwa pamoja. Havikuishia hapo. Wapandaji walishalewa ushindi. Tarumbeta za kuwarudisha hazikusikilizwa, au zilisikika na kupuuzwa. Walishuka bondeni kwa shoti, wakapanda upande wa pili mpaka kwenye mizinga ya Wafaransa, wakawakata wapiga mizinga. Farasi walikuwa wanahema, miguu imezama kwenye udongo uliolowa mvua ya usiku kucha, na hakuna kikosi kilichobaki katika mpangilio. Ndipo Wafaransa wenye mikuki, juu ya farasi ambao hawajatoa jasho, wakawaingia ubavuni. Ponsonby aliuawa. Brigedi zile mbili zilirudi zikiwa vipande, na kwa saa zote zilizobaki za siku ile Wellington hakuwa tena na farasi wazito wa kutegemea.

Akiba ilikuwa wapi? Swali hili ndilo kiini cha jambo. Scots Greys walipangiwa kufuata nyuma kama akiba ya Ponsonby, lakini wakajiunga na mstari wa mbele wakashambulia pamoja na wenzao. Na Uxbridge, mwenye jukumu la kusema nani aende na nani abaki, alikuwa ameshika upanga katika safu ya kwanza ya walinzi. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba kuongoza mbele lilikuwa kosa, kwa kuwa shambulio likishaanza jemadari hana uwezo kuliko askari yeyote. Miaka mitatu kabla, kule Hispania, Wellington alikuwa amekwisha kulalamika katika barua kwamba maofisa wake wa farasi huenda shoti kwa kila kitu na kusahau kuweka akiba. Waterloo kosa likarudiwa. Kiongozi anayetaka kuonekana shujaa mbele ya watu wake huwaacha bila kiongozi saa wanapomhitaji, na hilo si la vitani peke yake.

Maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana kanuni nzuri za mchezo huu humwadhibu anayeshinda. Kikosi cha farasi kikivunja adui, hurushiwa dadu kuona kama kitatii amri ya kusimama; kisipotii, hukimbia mbele kwa zamu nzima na kuwekewa alama ya uchovu. Kikiwa na alama hiyo, nguvu yake hupungua na hata kikosi dhaifu kinaweza kukifuta. Wachezaji wengi huiona kanuni hii ni uonevu. Mimi huipima kwayo kila seti ya kanuni ninayoisoma. Isiyo nayo naiweka kando. H. G. Wells, katika kitabu chake Little Wars cha mwaka 1913, aliwapa wapanda farasi futi mbili kwa zamu na askari wa miguu futi moja. Ni mchezo wa kupendeza, lakini farasi wake hana pumzi inayokatika.

Mfano wa kinyume uko Marengo, Italia, Juni 14, 1800. Mfaransa Kellermann mdogo alikuwa na wapanda farasi wapatao 400 tu. Alisubiri. Safu ya Waaustria ilipokuwa imetoka kupiga risasi na kutikiswa na mizinga, akaipiga ubavuni, ikasambaratika na Jenerali Zach akatekwa. Farasi 400 katika dakika inayofaa walifanya yale ambayo Marshal Ney wa Napoleon hakuyapata Waterloo akiwa na wapatao 9,000. Ney aliirudia miraba ya Wellington mara kwa mara bila askari wa miguu wa kutosha nyuma yake, na farasi hakubali kujirusha kwenye ukuta wa singe. Huzunguka pembeni, na anayezunguka hupigwa risasi.

Bahati nayo ina nafasi yake. Julai 23, 1812, karibu na García Hernández kule Hispania, Wajerumani waliokuwa wakiitumikia Uingereza walivunja mraba wa Wafaransa kwa sababu farasi aliyepigwa risasi hakuanguka papo hapo. Alikwenda mbele kwa nguvu ya mwendo wake, akaangukia safu ya askari na kufungua mwanya, wenzake wakapita hapo. Hiyo ndiyo sita unayoipata kwenye dadu mara moja moja, na mchezaji mwenye busara hapangi vita vyake kwa kuitegemea.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelipigia kelele miaka yote, na ambalo karibu kanuni zote hulikwepa: malisho. Farasi wengi wa Napoleon hawakuuawa na mizinga. Juni 1812 jeshi lake lilivuka mto Niemen kuingia Urusi, na katika siku chache za mwanzo, kwa mvua kubwa na kulishwa nafaka mbichi zilizokatwa mashambani, farasi walikufa kwa maelfu kabla ya pigano lolote kubwa. Murat, amiri wao hodari na mpenda mapambo, aliwasukuma wakiwa wamelundikana pamoja mahali ambapo hapakuwa na nyasi za kuwatosha, matandiko yakakaa mgongoni saa nyingi mpaka ngozi ikaoza. Wapanda farasi waliofika Moscow walikuwa kivuli cha wale waliovuka mto.

Gharama ililipwa mwaka uliofuata. Mei 1813 Napoleon alishinda Lützen, akashinda tena Bautzen, na mara zote mbili adui aliondoka akiwa mzima kwa kuwa hapakuwa na farasi wa kumfukuzia. Askari wapya wa miguu walipatikana kwa miezi michache. Farasi wa vita na mpandaji wake hawapatikani hivyo. Mwezi Juni akakubali kusimamisha vita, na uhaba wa wapanda farasi ni moja ya sababu alizozitaja.

Nasi tunalo la kwetu. Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, wakati wa masika, wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer waliteka Kondoa Irangi. Wakakwama hapo, farasi wao wakifa kwa mamia kwa mbung'o, maradhi na njaa. Adui hakuhitaji kuwafyatulia risasi.

Kwa hiyo namwomba mchezaji mwenzangu mambo mawili. Kabla ya kupanga meza, rusha dadu kwa kila kikosi cha farasi kuona kimefika na wangapi baada ya safari. Anayepoteza theluthi asinung'unike, wengi walipoteza zaidi. Kisha, katika kila vikosi vitatu, kimoja kikae nyuma ya mstari bila kuguswa mpaka adui awe ametumia vyake. Utachekwa katika zamu za mwanzo. Vumilia.

Jumapili ijayo ni zamu ya mizinga.