MTEJA WA MKOANI: IJUE BARABARA KABLA HUJATAJA BEI YA USAFIRI

Leo tuongelee kitu kinachokula faida kimyakimya: nauli ya mzigo.

Mimi nauzia Dar na wateja wangu wengi wako kaskazini. Mteja akisema "nitumie", cha kwanza naangalia kama mji wake upo kwenye barabara kuu au umejitenga pembeni. Bei ya usafiri inaanzia hapo.

Chukua barabara ya Dar kwenda Arusha, zaidi ya kilomita 600. Basi linatoka stendi ya Magufuli pale Mbezi, linapita Kibaha, Mlandizi mpaka Chalinze. Hapo ya Morogoro inanyoosha, ya kaskazini inakata kulia: Msata, daraja la Wami, Mkata, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Himo, Moshi, Boma Ng'ombe, Usa River, Arusha. Mteja wa mji wowote kati ya hiyo unamtumia kwa nauli moja.

Shida ipo njia panda. Zikariri:

✅ Mkata: wa Handeni wanakatia hapa.
✅ Segera: wa Muheza na Tanga mjini. Tafuta basi la Tanga, sio la Arusha.
✅ Mombo: wa Lushoto. Bado kuna kilomita zaidi ya 30 za kupanda mlima.
✅ Himo: wa Marangu, Rombo na Holili mpakani.

Na gari likipitia Bagamoyo linatokea Msata, kwahiyo wa Kibaha na Chalinze hawapati kitu. Uliza kwanza linapita wapi.

Sasa piga hesabu. Tuseme gauni ni 25,000, faida yako 6,000. Umemwambia mteja wa Lushoto "usafiri juu yangu". Basi la Arusha linachukua 5,000 na kushusha mzigo Mombo. Gari la kupandisha Lushoto linataka 3,000. Umeshatoa 8,000, yaani umeuza halafu umeongezea 2,000 ya mtaji! Ukimwambia mteja alipie hiyo 3,000, anakuona tapeli, maana ulisema bure.

Ninavyofanya mimi:

1. Siulizi "uko mkoa gani?" Nauliza "dada, unapokelea stendi gani?"
2. Mteja akiwa nje ya barabara kuu, naulizia kwanza basi la moja kwa moja. Ya Lushoto na Rombo yapo.
3. Lisipopatikana, namwambia kabla hajalipa: "Mimi nafikisha Mombo, kutoka hapo ni juu yako."
4. Juu ya mzigo naandika kwa maandishi makubwa SHUSHA MOMBO na namba ya mteja. Ukiandika Lushoto tu, konda anaweza kuupitiliza mpaka Arusha.
5. Namtumia mteja picha ya risiti, namba ya gari na namba ya konda. Basi halimsubiri mtu, lazima awepo stendi mapema.

Wenzangu mnaotuma njia ya Mbeya na Mwanza, njia panda zenu ni zipi? Tuandikieni hapa chini tujifunze wote.