Kuomba Kurasa za Mtandao kwa Msimbo: Maelezo kwa Walimu na Wanafunzi wa Kiswahili

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kufundishwa kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi huo unadai matini ya kufundishia. Mwanafunzi wa Jinja au Mbale, ambaye nyumbani huzungumza Lusoga au Lumasaaba, anahitaji kusoma kwa Kiswahili habari za mahali anapopajua, kama vile chanzo cha mto Nile na Mlima Elgon. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ina makala kuhusu miji yote miwili.

Kunakili makala mbili kwa mkono ni jambo jepesi. Kunakili makala 200 ili kutafuta maneno yanayotumika mara nyingi ni kazi ya siku nyingi, na hapo ndipo msimbo unapotufaa.

Tunapofungua ukurasa, kivinjari hutuma ombi kwa seva, nayo seva hurudisha jibu lenye namba ya hali pamoja na matini. Programu yetu yaweza kutuma ombi hilohilo. Katika lugha ya Python, maktaba ndogo iitwayo Requests, iliyotolewa na Kenneth Reitz mwaka 2011, imeifupisha kazi hiyo:

import requests
anwani = "https://sw.wikipedia.org/w/api.php"
maswali = {"action": "query", "prop": "extracts", "explaintext": 1, "titles": "Mbale", "format": "json"}
utambulisho = {"User-Agent": "Mradi wa matini; weka hapa barua pepe yako"}
jibu = requests.get(anwani, params=maswali, headers=utambulisho, timeout=20)
print(jibu.status_code)
print(jibu.json())

Maneno kama anwani, maswali na jibu tumeyachagua sisi; mengine ni ya Python, ya maktaba au ya Wikipedia, wala hayabadilishwi. Tukiandika Jinja mahali pa Mbale, tutaletewa makala nyingine.

Mambo manne yazingatiwe.

Kwanza, tujitambulishe. Anayebisha hodi akiulizwa ni nani, hujibu. Wikipedia hutaka programu ijitaje na kuonyesha njia ya kumfikia mwenyewe. Aidha, tuombe ukurasa mmoja mmoja na kupumzika kidogo kati ya maombi. Namba 429 ina maana kwamba tumeomba mno.

Pili, tuweke kikomo cha kungoja. Hapo juu ni sekunde 20. Bila kikomo, mtandao ukikatika programu yaweza kungoja bila mwisho. Kila jibu lihifadhiwe katika faili, tusilipie intaneti mara mbili kwa ukurasa uleule.

Tatu, tulikague jibu. Namba 200 huonyesha kwamba ombi limejibiwa, na 404 kwamba kilichoombwa hakikupatikana. Lakini katika anwani tuliyotumia, jina likikosewa tahajia namba bado huwa 200. Ndani ya jibu ndimo huonekana neno "missing", yaani makala haipo. Katika tovuti nyingine, hata ukurasa wa 404 una maneno yake, na programu isiyokagua namba itayahifadhi kana kwamba ni matini halali.

Nne, tuchunge ritifaa. Waandishi wengine huiandika iliyonyooka, wengine iliyopinda. Programu inayokata maneno penye alama hiyo itaigawa ng'ombe kuwa "ng" na "ombe". Orodha ya msamiati ikitengenezwa hivyo, mwanafunzi atakariri maneno ambayo hakuna Mswahili aliyewahi kuyatamka, na kwa mgeni wa lugha si rahisi kuligundua kosa hilo.

Leseni ya Wikipedia huruhusu matini yake kutumiwa darasani, mradi chanzo kitajwe, na kazi iliyotokana nayo ikisambazwa itolewe kwa masharti hayohayo.

Tunawashauri wanaoanza waombe makala mbili tu, ya Jinja na ya Mbale, wazichapishe na kuzisoma neno kwa neno kabla ya kuomba mia. Maktaba imerahisisha kuomba. Kupima kama kilicholetwa ni Kiswahili kinachofaa darasani kunabaki kuwa kazi ya mwalimu.