ALIANZA UPYA, HERUFI KWA HERUFI

Ndugu msomaji, unakumbuka siku ulipoanza kusoma? Ulishika herufi moja, ukaiunga na nyingine, mpaka neno likatoka. Jasho nalo lilikutoka! Leo tumsome profesa mmoja ambaye naye, akiwa mtu mzima na msomi mkubwa, ilimbidi aanze upya, herufi kwa herufi.

Jina lake Stephen Hawking. Alizaliwa Oxford, nchini Uingereza, tarehe 8 Januari 1942. Alikuwa kijana mzima kabisa. Alipokuwa chuo kikuu akaanza kujikwaa na kuanguka ovyo. Mwaka 1963, akiwa na miaka 21, madaktari waligundua ugonjwa wake. Walidhani ataishi miaka miwili tu.

Ugonjwa gani huo?

Ukitaka kunyanyua jembe, ubongo hupeleka amri mkononi. Amri hiyo hupita katika mishipa ya fahamu. Ugonjwa wa Hawking huua mishipa hiyo. Basi mkono haupati amri tena. Misuli hukonda na kulegea. Si laana, wala hauambukizi. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Wagonjwa wengi hufa baada ya miaka michache, lakini kwake ulikwenda polepole sana.

Miguu ililegea, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Mikono ikalegea, akashindwa kushika kalamu. Lakini macho yaliona, masikio yalisikia, na akili ilikuwa timamu.

Kazi yake

Hawking alikuwa mwanasayansi wa hesabu za nyota na ulimwengu. Alipokosa kalamu, alijizoeza kufanya hesabu kichwani, kwa kuona picha katika mawazo yake. Wanafunzi na wenzake walimwandikia.

Ukirusha jiwe juu, linarudi chini. Kwa nini? Dunia inalivuta. Nyota kubwa sana zikifa, nyingine hujikunja na kuwa kitu chenye mvuto wa kutisha. Hata mwanga ukiingia humo hautoki. Wataalamu hukiita shimo jeusi. Watu waliamini kwamba hakuna kinachotoka humo kamwe. Mwaka 1974 Hawking alionyesha kwa hesabu kwamba shimo hilo huvujisha joto kidogo kidogo, na baada ya muda mrefu mno linaweza kwisha. Wataalamu walishangaa. Mwaka 1979 alipewa uprofesa wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Nafasi hiyo iliwahi kushikwa na Isaac Newton, yule aliyeeleza habari za mvuto.

Sauti inapotea

Mwaka 1985 alipatwa na kichomi kikali. Ili aokoke, madaktari walimtoboa koo apate kupumua. Alipona, lakini sauti ilipotea moja kwa moja.

Sasa atasemaje? Mtu alimwonyesha kibao chenye herufi. Kidole kilipofika kwenye herufi anayoitaka, Hawking alinyanyua nyusi. Herufi ya kwanza. Kisha ya pili. Fikiri mwenyewe, profesa mzima, neno moja namna hiyo!

Baadaye alipata kompyuta. Maneno yalipita mbele ya macho yake, naye alibonyeza kitufe kuchagua analotaka. Mashine ikalitamka. Vidole vilipochoka kabisa, alitumia shavu. Kifaa kidogo kwenye miwani yake kilitambua shavu likitikisika. Kwa njia hizo alifundisha, akabishana, na hata kutania watu. Kitabu chake juu ya historia ya ulimwengu kilitoka mwaka 1988. Nakala zaidi ya milioni 10 ziliuzwa.

Alifariki tarehe 14 Machi 2018, akiwa na miaka 76. Majivu yake yalizikwa London, katika kanisa la Westminster, karibu na kaburi la Newton.

Tunajifunza nini?

Wengine watasema, "Huyo alikuwa na akili za ajabu." Ni kweli. Lakini akili hizo zingebaki kitandani kama asingepata watu. Mkewe Jane, waliyeoana mwaka 1965, alimtunza miaka mingi. Wanafunzi walimwandikia. Wauguzi walikesha naye. Mafundi walimtengenezea mashine. Hakuna aliyesema, "Huyu miguu imekwisha, basi na kichwa kimekwisha."

Sisi je? Pengine jirani yuko mtoto asiyetembea, anashinda ndani wenzake wakienda shule. Au hasemi vizuri, tukadhani haelewi. Mashine za Hawking ni ghali. Lakini kibao chenye herufi, hata wewe unaweza kukichora leo. Herufi unazijua. Anza na moja.

Maswali ya kuzungumza

1. Ugonjwa wa Hawking uliharibu nini mwilini, na nini haukuharibu?
2. Alizungumzaje baada ya kupoteza sauti?
3. Katika kijiji chenu, yuko mtoto mlemavu asiyesoma? Mtamsaidiaje?